Kichwa Huku, Miguu Kule

"Mtu wa Magoti hatavuka kizingiti hiki nikiwa hai," alisema Mkasi, na mtaa mzima ulisikia, kwa maana Mkasi hakuumbwa na sauti ya kunong'ona. "Na mkiniona mimi nimepiga goti, jueni nimeshakufa. Msihangaike na daktari. Niviringisheni kwenye shuka, mnizike, mwende zenu."

Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha ushonaji, futi imening'inia shingoni, pini kazibana kwenye pembe ya mdomo, na bado maneno yalipita bila kujikwaa. Mbele yake alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maridhiano, karibu kiasi cha kuguswa, lakini aliongea kwa kipaza sauti. Tangu vita viishe bwana yule hakuwa amesema na mtu bila kile kidude. Walimzushia kwamba hata mezani kwake huomba chumvi kwa kipaza sauti.

"Mama fundi, tunaomba kichwa tu," kipaza sauti kilinguruma. "Kwa siku moja."

"Kichwa changu au cha cherehani?"

"Cha cherehani."

"Vyote viwili viko kazini. Nenda salama."

Kisa cha kichwa hicho mji wote ulikijua, na hakuna aliyechoka kukisimulia.

Mji ule ulikuwa na watu wa Wima na watu wa Magoti. Mungu wao alikuwa mmoja na sala zao zilikuwa zilezile, neno kwa neno, mpaka mahali pa kukohoa. Ila Wima walisali wamesimama na Magoti walisali wamepiga magoti, na kila upande uliamini kwamba Mungu huwasikiliza wao, wale wengine huwavumilia tu. Kwa jambo hilo watu walizikana miaka na miaka. Walioanza wakiwa vijana walimaliza wakiwa na wajukuu, wale waliobahatika kumaliza.

Mtu wa Wima hapigi goti popote. Sindano ikianguka anainama kutoka kiunoni kama winchi ya bandarini. Sakafu anaideki amesimama. Wazee wao waliwahi kukutana kutwa nzima kujadili kama kuchuchumaa ni nusu ya dhambi au robo, wakaachana bila jibu, kila mmoja akisugua miguu iliyokufa ganzi.

Sasa Mkasi alikuwa Wima wa kuzaliwa, na Vifungo alikuwa Magoti wa kuzaliwa, na kabla ya vita walijifunza ushonaji kwa mwalimu mmoja. Ndiye aliyewapachika majina hayo: mmoja kwa mdomo wake, mwingine kwa vidole vyake vyepesi. Wakachanga wakanunua cherehani ya miguu, ile ya kukanyaga, wakafungua duka. Sheria yao dukani ilikuwa moja. Kazi ya juu ya meza ni ya Mkasi, kazi ya chini ya meza ni ya Vifungo, kwa sababu mkanda ukichomoka kwenye gurudumu hakuna njia ya kuurudisha ila mtu apige magoti. Mkanda ulichomoka mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuona tatizo.

Siku vizuizi viliposimama barabarani, kila mmoja alisema cherehani ni yake. Wakavuta. Mkasi akaondoka na kichwa, kakikumbatia kama mtoto mwenye homa. Vifungo akabaki na meza, pedali na gurudumu. Kichwa huku, miguu kule.

Basi Mkasi akakifunga kichwa juu ya boksi la mbao, akakitia mpini wa kuzungusha kwa mkono. Mkono wa kulia ukazungusha miaka yote ya vita, wa kushoto ukiongoza kitambaa, na miguu yake, isiyo na la kufanya, ilikanyagakanyaga sakafu tupu kwa mazoea. Sasa bega la kulia lilikuwa limeisha. Halikuweza kupanda hata kuchana nywele. Shangazi yake ndiye aliyemchana, na Shangazi huchana kama anayepalilia shamba la adui.

Na ndipo kazi ya mashuka ya hospitali ilipokuja. Hospitali ilikuwa imefunguliwa upya, moja kwa pande zote mbili, na matroni wake hakuwa mtu wa mzaha: mashuka yote kesho kutwa, mishono imenyooka, la sivyo kazi inahamia kwingine. Mkasi alijua bila kuambiwa. Kazi hiyo ikimponyoka, chumba kinaponyoka. Na chumba kikiponyoka yeye si fundi tena, ni mwanamke tu mwenye kichwa cha cherehani juu ya boksi.

Mwenyekiti yeye alitaka kichwa na meza vipandishwe jukwaani siku ya sherehe ya maridhiano, viunganishwe mbele ya wageni, watu wapige makofi. Kisha kila kitu kirudi kilikotoka.

"Fikiria lakini," kipaza sauti kilibembeleza. "Hata kwa ajili ya kaka yako."

Macho ya mtaa yakageukia ukutani.

Kwenye ukuta wa mkabala, kwa herufi zilizomzidi mtu kimo, paliandikwa: ALIKUFA WIMA. Huyo ndiye kaka yake. Watu wa Magoti walimsimamisha kwenye kizuizi cha njia panda, wakamwamuru apige magoti, akakataa. Mtaa ulimfanya wimbo. Shangazi aliyemlea alikisimulia kisa hicho kila baada ya sala, kidevu juu. Na aliyeshika bunduki, aliyesema piga magoti, alikuwa mume wa Vifungo.

"Kaka yangu," Mkasi alisema polepole, akitoa pini moja mdomoni, "umtaje tena kwenye hilo bomba lako, nikushone midomo. Kwa uzi mnene."

Mwenyekiti akaondoka. Hata kipaza sauti kilionekana kuinamisha shingo.

Ndani, Shangazi alikuwa akisubiri kujaribu gauni lake la sala. "Umemjibu vizuri, mwanangu," alisema, akalichukua gauni na pini zake zote, akaingia nyuma ya pazia la pembeni. Shangazi akiingia pale hutoka akipenda yeye. Kulikuwa na kiti, na giza linalotosha usingizi.

Mkasi akarudi kwenye mashuka. Akazungusha mpini. Bega likapiga kelele, akalipigia kelele zaidi, mshono ukaenda upande.

Hakuwa amemaliza hata shuka la kwanza la siku hiyo aliposikia chuma kikigongana barabarani. Ng'ang'a, ng'ang'a, ng'ang'a. Sauti hiyo aliijua. Pedali ile ilikuwa na nati iliyolegea tangu siku waliyoinunua.

Akatoka mbio.

Vifungo alikuwa anakuja katikati ya barabara, peke yake, akisukuma mkokoteni, na juu ya mkokoteni ilikuwa meza. Alikuwa amepita njia panda palepale palipokuwa na kizuizi, akaingia mtaa wa Wima mchana kweupe, kitambaa cha watu wa Magoti kichwani, wala hakukishusha hata kidogo. Watu walitoka madukani. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya ndevu. Mwanamke mmoja alitema mate chini. Vifungo akamwambia, "Umekosa, shoga, sogea karibu," akaendelea kusukuma.

Alifika mlangoni, akauegemeza mkokoteni, akashika kiuno.

"Sikuja kuomba msamaha," alisema.

"Wala mimi sina wa kutoa. Umefuata nini?"

"Nimekuja na meza."

"Naiona. Na mimi nina macho."

"Macho unayo? Basi haya ni nini?" Vifungo alichomoa shuka chini ya kwapa, akalikung'uta mbele ya mtaa mzima. Lilikuwa la hospitali, lile la mfano ambalo Mkasi alikuwa amelipeleka. "Matroni ameniletea nilifumue. Mshono huu, Mkasi, unakwenda kama mlevi anayerudi nyumbani! Unagonga huku, unaomba radhi, unagonga kule."

Wawili watatu wakacheka. Mkasi akawatazama, wakakumbuka wana kazi.

"Bega langu linauma," alisema, kwa sauti ambayo kwake ilikuwa ndogo.

"Sikuuliza bega. Mimi na wewe tulifundishwa na mzee mmoja. Mtu akiuona ushenzi huu atasema na mimi ndivyo ninavyoshona. Umenichomea nyumba, sawa..."

"Mimi sikuchoma nyumba yako!"

"Binamu zako."

"Binamu zangu, ndiyo."

"Umenichomea nyumba, lakini jina langu la ufundi hutaliharibu. Hapana. Hilo sikubali."

Mkasi alifungua mdomo, na pengine hapo angemfukuza, na mambo yangeishia hapo. Alikuwa na tusi zuri sana tayari. Lakini kutoka mwisho wa barabara kilisikika kipaza sauti, kinakuja mbio, kinahema: "Subirini! Msisogee! Mpiga picha yuko njiani! Shikaneni mikono! Tabasamu!"

Mkasi alimtazama Mwenyekiti. Akamtazama Vifungo. Katika maisha yake aliwachukia watu wengi, lakini hakuwahi kumchukia mtu kwa nguvu kama alivyomchukia bwana yule wakati ule.

"Shika huko," alimwambia Vifungo.

"Nishike wapi?"

"Mguu wa mbele! Upesi, kabla hajafika!"

Wakainyanyua meza, mmoja kwa mkono wa kushoto, mwingine kwa yote miwili, wakaipitisha mlangoni kwa mkupuo mmoja, ikagonga rafu, kopo la chaki za kushonea likaanguka na gurudumu la chuma likapita juu yake likazisaga. Mkasi akaufunga mlango kwa teke, akatia komeo. Nje, kipaza sauti kililia, "Mama fundi! Mama fundi jamani!"

Ndipo akatazama. Mtu wa Magoti alikuwa amesimama katikati ya chumba chake, anapangusa jasho, na kizingiti kiko nyuma yake.

"Usikae," alisema Mkasi.

"Nani kakwambia nimechoka?"

Ubao wa meza ulikuwa mweusi upande mmoja, umeungua mpaka kwenye tundu la skrubu. Mkasi alipitisha kidole pale. Masizi hayakutoka, yalikuwa yameshakuwa sehemu ya mbao.

"Uliitoa motoni?"

"Nilimtoa mama, kisha nikairudia meza. Mama hakuishi sana baada ya pale. Moshi ulimkaa kifuani." Vifungo aliongea akiwa anakagua kichwa cha cherehani, anakigeuza, anakinusa. "Hukukitia mafuta, wewe."

"Nilikitia."

"Mafuta ya kupikia?"

Mkasi akaisukuma chupa ya mafuta nyuma ya rafu kwa mguu, kwa sababu yalikuwa mafuta ya kupikia.

Wakakipachika kichwa mezani. Kiliingia kwenye nafasi yake bila kubishana, na skrubu zilizokubali zikakazwa. Ukabaki mkanda. Kama zamani, Vifungo akapiga magoti bila kufikiri, akaingia chini ya meza na koleo ya kubania, akauzungusha mkanda kwenye gurudumu. Koleo ikaanguka, ikalia sakafuni. Kisha tusi. Kisha ikaanguka tena.

"Nini?"

"Koleo haishikiki."

Alitoa mkono nje ya meza. Ngozi ya kiganja ilikuwa imevutika, inang'aa, vidole vimejikunja kama vya mtu aliyebeba ndoo isiyoonekana. Navyo ndivyo vidole vyepesi vilivyompa jina. Mkasi alivitazama kimoja kimoja.

"Naweza kuvuta mkanda," alisema Vifungo. "Kubana kile kiwaya cha kuunganisha ncha zake siwezi. Lazima mtu mwingine."

"Basi tumwite mtu."

"Mwite. Mwenyekiti yuko mlangoni, na mpiga picha wake."

Mkasi akajaribu kuinama kutoka kiunoni. Bega likamrudisha. Akajaribu kuchuchumaa, ile nusu ya dhambi au robo, akagonga paji la uso kwenye ukingo wa meza, mlio ukasikika mpaka nje, na mtu huko akasema, "Wameanza kupigana!"

"Usicheke," alisema Mkasi.

"Nani anacheka?" Lakini meza ilikuwa inatikisika.

Mkasi akatazama mlango. Komeo liko. Akatazama dirisha. Pazia limeshuka. Akatazama mashuka, yamelundikwa mpaka kifuani. Kisha akashika upindo wa gauni lake, akaanza kushuka taratibu, kama anayeingia kwenye maji ya baridi, mpaka magoti yake yakagusa sakafu.

Hakuna kilichotokea. Radi haikupiga. Sakafu ilikuwa na chaki tu.

Akaichukua koleo, akaingia chini ya meza. Walikuwa uso kwa uso pale, baina ya gurudumu na pedali, kila mmoja akinuka jasho la mwenzake.

"Vuta," alisema Mkasi.

"Nimevuta."

"Mume wako alimwambia apige magoti."

Vifungo hakuachia mkanda. "Ndiyo."

"Ulijua?"

"Aliniambia jioni. Nikamtupia sahani. Nikaendelea kumpikia." Aliuvuta mkanda zaidi. "Watu wenu walimuua mwaka uliofuata, na nililia. Siwezi kukudanganya kwamba sikulia. Wala sikuombi umsamehe, mimi mwenyewe sijamsamehe. Lakini ni wangu."

Koleo ilibaki wazi mkononi mwa Mkasi. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kwa uongo alikuwa na majibu ya kumtosha mpaka Ijumaa.

"Kila siku nausoma ule ukuta," alisema hatimaye. "Alikufa wima, alikufa wima. Herufi zile mimi ndiye niliyezichora kwanza kwa chaki, wengine wakapaka rangi juu yake. Watu wananipongeza. Na mimi moyoni nasema, mjinga we! Kwa nini hukupiga tu? Goti moja, kaka. Goti moja, upanguse vumbi, uje nyumbani ule. Nisingemwambia mtu. Ningekufulia suruali mwenyewe, na mtu asingejua."

Vifungo alisogeza mkono ule uliojikunja, akauweka juu ya mkono wenye koleo, akausukuma kidogo kuelekea kwenye kiwaya.

"Bana," alisema. "Mkanda unanikata."

Mkasi akabana.

Walipotoka chini ya meza hawakutazamana. Mkasi alikaa kwenye kiti, akaweka shuka, akashusha sindano. Miguu yake ikatafuta pedali na ikaikuta, baada ya miaka yote ile ya kukanyaga hewa, ikaikuta palepale. Gurudumu likanguruma. Mshono ukatoka umenyooka, mwembamba, hausiti, ukaenda mpaka mwisho wa shuka.

"Unakanyaga haraka," alisema Vifungo.

"Nakanyaga ninavyotaka."

"Ulikuwa hivyohivyo tangu zamani. Sogea." Akatia mguu wake kwenye pedali. Mmoja akakanyaga mbele, mwingine nyuma, gurudumu likachanganyikiwa, cherehani ikashona kinyumenyume, uzi ukajifunga fundo kama tambi, na mkono wa gauni la Vifungo ukashonwa pamoja na shuka la hospitali. Walitazama mkono ule. Kisha wakacheka. Wakacheka mpaka Mkasi akashika bega lake bovu na kulilaani, wakacheka na hilo pia, na Vifungo alilazimika kulala kifudifudi juu ya mashuka, mkono wake bado umeshonwa.

Mlango ukagongwa kwa nguvu.

Mkasi akafuta uso. Akaukata uzi, akamwachia Vifungo mkono wake. Akavuta pumzi, akaingiza pini mdomoni, akafungua mlango mpaka mwisho.

Mtaa wote ulikuwa pale: kinyozi, mteja wa nusu ya ndevu, mwanamke wa mate, binamu zake wawili wamekunja mikono, Mwenyekiti na mpiga picha.

"Wamepatana!" kipaza sauti kilipaza.

"Nani kapatana?" Mkasi alifoka. "Hatujapatana! Cherehani ndiyo imepatana, ipigeni picha hiyo. Huyu ni fundi, amekuja kazini, na kesho atakuja, na kesho kutwa. Atapita barabara hiihii na kitambaa chake hichohicho. Anayetaka kumgusa aje anizoee mimi kwanza." Aliwatazama binamu zake mpaka mmoja akafungua mikono. "Lakini asije mtu kuniimbia maridhiano. Sikumkumbatia. Sikulia naye. Sikucheka naye. Na sikupiga goti mbele ya mtu wala chini ya kitu. Mimi ni Wima, na Wima nitabaki. Mmesikia?"

Walisikia. Hata nyuma ya pazia la pembeni walisikia, kwa sababu pazia hilo lilifunguka, pete zake zikalia kwenye waya, na Shangazi akatoka.

Alikuwa ndani ya gauni lake jipya, pini zimemzunguka kama nungunungu. Jicho moja lilikuwa na alama ya usingizi. Lingine lilikuwa jekundu, na si kwa usingizi.

"Linanibana kwapani," alisema.

"Shangazi," alisema Mkasi. Pini zikamtoka mdomoni, moja baada ya nyingine. "Umekuwa humo... tangu saa ngapi?"

Shangazi akapiga hatua mbele. Alimtazama Vifungo kwa muda, kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka kile kiganja kilichojikunja. Kisha akamgeukia mpwa wake, akamtazama kuanzia juu kwenda chini, bila haraka, na macho ya mtaa mzima yakashuka pamoja na yake. Yakafika kwenye gauni jeusi la kazi. Pale magotini palikuwa na duara mbili nyeupe za chaki, kubwa, safi, kama mwezi na mwenziwe.

Mkasi akapeleka mkono kuyapangusa. Katikati ya njia mkono ukasita. Akaurudisha kiunoni, akainua kidevu, na chaki ikabaki ilipo.

"Asubuhi uliagiza mwenyewe, mwanangu, mtaa mzima ukisikia," alisema Shangazi. "Sasa nikuviringishe kwenye shuka lipi? Haya yote ni ya hospitali."